Njia Fupi na Njia Sahihi: Kompyuta Inapopitisha Mabomba kwenye Michoro ya Mitambo

Mhadhara wa umma



Mhadhara wa namna hii humtaka mwalimu awaeleze watu wote jambo ambalo kwa kawaida huwaeleza wachache, nami nimechagua jambo linaloonekana dogo. Nitazungumzia mstari. Ni ule mstari wa kwenye mchoro wa mtambo unaotoka kwenye alama ya pampu, ukakata kona, ukapita chini ya tangi, ukafika kwenye kibadilisha joto. Zamani uliwekwa na mchoraji mwenye rula, kalamu ya wino na uzoefu wa miaka. Siku hizi mhandisi anabofya pampu, anabofya kibadilisha joto, na programu inamchorea mstari papo hapo. Kati ya njia nyingi zilizowezekana imechagua moja. Imeichagua kwa hekima ya nani?

Dai langu nalitanguliza, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Kanuni za hesabu zinazopitisha mabomba kwenye michoro yetu zilikomaa katika kazi ya kupitisha nyaya. Bomba si waya. Mtunzi wa programu asipoliheshimu hilo, kompyuta itatoa mchoro msafi, wa kupendeza, na usio wa kweli. Kwa hiyo kazi kubwa ya mhandisi katika zama hizi ni kuiandikia mashine, kwa lugha isiyo na utata, mambo ambayo mstari hauruhusiwi kuyavunja hata ukipewa nafasi ya kuwa mfupi.

Mchoro usio na vipimo

Kila mtambo wa kuchakata gesi, kusafisha mafuta, kutengeneza mbolea au sukari una michoro ya namna mbili inayohusu mabomba. Wa kwanza ni mchoro wa mabomba na ala, ambao viwandani huitwa kwa herufi zake, P&ID. Mchoro huu hauna vipimo vya urefu. Pampu iliyo mita 200 kutoka kwenye tangi inaweza kuchorwa sentimita 4 pembeni yake. Unachoeleza ni nini kimeungana na nini, kwa bomba la ukubwa gani, vali ipi ikitangulia ipi, na geji ipi inasoma presha ya sehemu gani. Alama zake hufuata viwango vinavyojulikana, kama ISA-5.1 na ISO 10628. Kila bomba lina jina lake. Mwandiko kama 6"-P-1203-A1A unasema: kipenyo inchi 6, P ni aina ya kimiminika kilichomo, 1203 ni namba ya bomba, A1A ni daraja la chuma na flanji zake. Herufi hutofautiana kampuni hadi kampuni, lakini mpangilio ni huo.

Mchoro wa pili ni umbo la mtambo katika pande tatu: urefu, upana na kimo. Humo bomba lina mahali pake halisi. Likipita palipo na nguzo, nguzo na bomba vitagongana siku ya ujenzi.

Nani anausoma ule wa kwanza? Anausoma opereta wa zamu ya usiku king'ora kinapolia. Anausoma fundi anayetaka kujua afunge vali zipi kabla hajalegeza nati za flanji. Wanausoma wahandisi waliokaa mezani siku nzima katika kikao cha HAZOP, cha kuchambua hatari za mtambo, wakiuliza bomba kwa bomba: presha ikizidi hapa, itakuwaje? Watu hawa wote wanaufuata mstari kwa kidole. Uzuri wa mchoro kwao ni kidole kufika mwisho bila kupotea njia.

Urithi tuliopewa

Mwaka 1956, huko Amsterdam, Edsger Dijkstra alitafakari namna ya kupata njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili katika mtandao wa barabara. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1959. Mwaka huohuo Edward Moore alitoa kazi yake kuhusu njia fupi ndani ya vichochoro vya fumbo. Mwaka 1961 C. Y. Lee wa Bell Telephone Laboratories, Marekani, aliandika kanuni ambayo hadi leo mwanafunzi yeyote wa upitishaji huanza nayo, na mfano wake mkuu ulikuwa kuunganisha nyaya.

Kanuni ya Lee haihitaji hesabu za juu kueleweka. Gawanya karatasi katika miraba midogo. Mraba wenye kifaa ni marufuku kupita. Mraba wa kuanzia upe sifuri. Majirani zake wanne, wa juu, chini, kushoto na kulia, wape 1. Majirani wa hao ambao bado hawana namba wape 2, kisha 3, na kuendelea. Namba zinasambaa kama maji ya mvua kubwa yanavyoingia mtaani: yanazizunguka nyumba, yanapenya kila kichochoro, na mahali popote yatakapofika yamefika kwa njia fupi kuliko zote. Yakishagusa mraba wa mwisho, rudi nyuma ukishuka namba moja moja mpaka sifuri. Umepata njia. Na kama njia haipo, maji yatasimama yenyewe, nawe utajua kwa hakika kwamba haipo.

Uhakika huo ndio nguvu ya Lee, na gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta. Karatasi ya A1 ina milimita 841 kwa 594. Ukitumia miraba ya milimita moja, ni karibu miraba 500,000. Kwa kompyuta ya leo hiyo si kazi, lakini kwa ya mwaka 1961 ulikuwa mzigo mzito. Nenda sasa kwenye umbo la pande tatu: mtambo wa mita 200 kwa 100, wenye kimo cha mita 30, uliogawanywa vipande vya sentimita 10, una vipande milioni 600. Ndiyo maana watu waliendelea kutafuta. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute walitoa kanuni ya A*, ambayo hukadiria umbali uliobaki na kuitanguliza njia inayoelekea kufika. Mwaka 1969 David Hightower aliachana na miraba, akatumia mistari mirefu inayopigwa kutoka ncha zote mbili mpaka ikutane. Programu nyingi tunazotumia zina damu ya watu hawa.

Tuichukue hesabu moja tuione kwa karibu. Pampu iko kushoto, tangi liko kulia, katikati kuna vifaa. Programu imepata njia mbili. Ya kwanza ina miraba 14 na kona 6, kwa kuwa inapenyapenya katikati ya vifaa. Ya pili ina miraba 18 na kona 2, kwa kuwa inazunguka juu. Ukiiambia kompyuta kwamba urefu ndio kila kitu, itachagua ya kwanza. Ukiiambia kwamba kila kona ina thamani ya miraba 3, ya kwanza inakuwa 14 jumlisha 18, yaani 32. Ya pili inakuwa 18 jumlisha 6, yaani 24. Sasa inachagua ya pili. Mahali pa kugeukia ni kona yenye thamani ya mraba 1: hapo njia zote mbili zinalingana kwa 20.

Naomba wanafunzi waliangalie jambo hili kwa makini. Kanuni ya hesabu haikubadilika. Kompyuta haikubadilika. Vifaa havikusogea. Kilichobadilika ni namba moja tu, bei ya kona, na njia nzima ikahama. Aliyeipanga bei hiyo ndiye aliyechora bomba, hata kama hajawahi kuliona.

Mistari inapokatizana

Kona si adui mkubwa wa msomaji. Adui mkubwa ni mistari kukatizana. Helen Purchase aliwapima watu wakisoma michoro ya mitandao, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1997 aliona kwamba kupunguza makatizano kulisaidia uelewa kuliko sifa nyingine za uzuri alizozijaribu. Mchoraji yeyote mzoefu angemkubalia bila utafiti, ila sasa tuna ushahidi wa kumwonyesha mtunzi wa programu.

Tatizo la makatizano lina historia ambayo sipendi isahaulike. Mwaka 1944 mwanahisabati Pál Turán alikuwa mfungwa katika kambi ya kazi za shuruti karibu na Budapest, Hungaria, kwenye kiwanda cha matofali. Wafungwa walisukuma vigari vya matofali kwenye reli kutoka kila tanuri hadi kila ghala. Kazi ilikuwa nyepesi mpaka vigari vilipofika reli zinapokatizana. Hapo viliruka nje na matofali yakamwagika. Turán akajiuliza: kwa idadi fulani ya matanuri na maghala, makatizano machache kabisa ni mangapi? Matanuri 3 na maghala 3, reli 9, hayawezi kupungua chini ya 1. Kwa 4 na 4 ni 4. Kwa idadi yoyote ile, wanahisabati wana fomula wanayoiamini, na hadi leo haijathibitishwa kwa hali zote. Mwaka 1983 Michael Garey na David Johnson walionyesha kwamba kutafuta makatizano machache kabisa katika mchoro wa jumla ni katika kundi la matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyamaliza.

Kwa hiyo programu ya michoro haitafuti jibu bora kabisa. Inatafuta jibu zuri ndani ya muda ambao mtumiaji anaweza kusubiri. Inapitisha mstari wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Hapo linazuka tatizo la zamu: mstari wa kwanza unachukua njia nzuri, wa kumi unakuta pamejaa, unalazimika kuzunguka karatasi nzima. Dawa inayotumika ni kung'oa mistari iliyozuia, kumpitisha aliyekwama, kisha kuwarudisha walioondolewa kwa njia nyingine. Nani ang'olewe na nani abaki? Hilo nalo ni suala la bei, na bei inapangwa na mtu. Katika michoro yetu bomba kuu la uzalishaji huchorwa kwa mstari mnene na kwa desturi hupewa njia iliyonyooka. Mistari ya ishara za ala ndiyo inayokatwa pale inapokutana nalo. Programu isiyojua cheo hicho itakunja bomba kuu ili kuokoa mstari wa geji.

Waya hauna kabla wala baada

Sasa nimefika kwenye kiini. Katika bodi ya umeme, vituo vitano vinavyotakiwa kuwa na volti moja vinaweza kuunganishwa kwa mpangilio wowote. Tawi likichipuka hapa au pale, volti ni ileile kwa matumizi ya kawaida. Ndiyo maana watunzi wa kanuni za nyaya walijipa uhuru wa kuchagua mahali pa matawi kwa kutafuta jumla fupi ya urefu. Maurice Hanan alionyesha mwaka 1966 kwamba kwa mistari ya wima na mlalo, inatosha kutafuta matawi kwenye makutano ya mistari inayopita katika vituo vyenyewe. Mwaka 1977 Garey na Johnson wakaonyesha kwamba hata hivyo jibu fupi kabisa ni gumu kulipata. Ni kazi nzuri sana, na katika bodi ya umeme ni kazi sahihi.

Bomba lina kabla na baada. Chukueni pampu ya kawaida ya kuzungusha. Baada yake kuna vali ya kuzuia kurudi nyuma, kisha vali ya kudhibiti mtiririko, kisha bomba linakwenda kwenye kibadilisha joto. Kuna pia bomba dogo la kurudisha kimiminika kwenye tangi, ili pampu isikose pa kupeleka mzigo wake mtiririko unapobanwa. Tii ya bomba hilo la kurudisha, yaani kiungo linapochipukia, lazima iwe kabla ya vali ya kudhibiti. Vali ikifungwa, kimiminika kinapata njia ya kurudi tangini na pampu inaendelea kupumua.

Sasa mpeni kazi hii mpitishaji, yaani programu ya kupitisha mistari, aliyelelewa na nyaya. Anaona bomba moja kutoka pampu hadi kibadilisha joto. Anaona tangi liko juu, upande wa kulia, karibu na mwisho wa bomba hilo. Anapima, anakuta tii ikiwekwa baada ya vali ya kudhibiti, mstari unapungua miraba 9 na kona 2. Anaihamisha. Mchoro unapendeza zaidi. Lakini mtambo unaosemwa na mchoro huo ni mwingine: vali ikifungwa, pampu inazunguka huku imezibwa mdomo, nguvu yote inageuka joto, kimiminika kinachemka ndani ya pampu, na sili zinaungua.

Au chukueni vali ya usalama juu ya chombo chenye presha. Kazi yake ni kufunguka presha ikizidi, na kanuni zinadhibiti vikali kuweka vali ya kufunga kati yake na chombo. Mstari wake ukiungwa upande wa pili wa vali ya kufunga kwa sababu huko ni karibu, mchoro unaonyesha chombo kilichobaki bila mlinzi kila vali ile inapofungwa. Mtu mzoefu ataliona kosa hilo haraka. Lakini mchoro mmoja una vali za kufunga kadhaa wa kadhaa, seti nzima ina karatasi mamia, na macho yanachoka.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mfuatano wa vitu kwenye bomba usiwe matokeo ya uchoraji. Uandikwe kwanza, kama taarifa inayojitegemea: pampu, kisha tii, kisha vali, kisha kibadilisha joto. Uchoraji ufuate na usiwe na ruhusa ya kuugusa. Viwanda vimeanza kwenda huko. DEXPI, kiwango cha kubadilishana taarifa za P&ID kati ya programu mbalimbali, kinahifadhi muundo wa muungano kando ya sura ya mchoro. Mpitishaji aliye juu ya taarifa kama hiyo anaweza kukunja mstari apendavyo, na tii itabaki upande wake.

Bomba la Flixborough

Tarehe 1 Juni 1974, Jumamosi jioni, mtambo wa kampuni ya Nypro huko Flixborough, Uingereza, ulilipuka. Watu 28 walikufa, 18 kati yao wakiwa chumba cha udhibiti. Mtambo ulikuwa na vinu sita vilivyopangwa kama ngazi, kila kimoja chini kidogo ya kilichotangulia, vikipitisha saikloheksani ya moto yenye presha. Mwishoni mwa Machi ufa ulionekana kwenye kinu namba 5. Kikaondolewa, na kinu namba 4 kikaunganishwa na namba 6 kwa bomba la muda. Midomo ya vinu ilikuwa ya inchi 28. Bomba lililotengenezwa lilikuwa la inchi 20. Kwa kuwa midomo miwili haikuwa kwenye kimo kimoja, bomba lilikunjwa, na kila ncha yake ikafungwa kwenye mvukuto wa chuma unaonyumbuka. Likakaa juu ya jukwaa la vyuma vya kujengea. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba mchoro pekee wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kwa ukubwa wake halisi.

Bomba lilifaa mahali pake na lilipitisha kimiminika kwa wiki kadhaa. Kwa maana ya kanuni ya Lee, kazi ilikuwa imekwisha: pointi mbili zimeungana, vizuizi vimekwepwa. Ambacho hakuna aliyekihesabu ni msukumo wa presha kwenye mivukuto miwili isiyokuwa katika mstari mmoja. Misukumo hiyo ililipinda bomba katikati, penye mkunjo, na tegemeo lake halikuundwa kwa ajili hiyo.

Sisemi kwamba programu ingewaokoa watu wa Flixborough. Nasema kwamba bomba lile linatufundisha tofauti ambayo mpitishaji wa kompyuta anaweza kuisahau kirahisi kuliko binadamu: njia inayopenya si lazima iwe njia inayobeba. Na kompyuta inaweza kutengeneza njia zinazopenya elfu moja kwa saa.

Mstari ulionyooka unapokuwa hatari

Niwape hesabu fupi inayoonyesha kwa nini katika umbo la pande tatu njia fupi kabisa huweza kuwa mbaya kuliko zote. Chuma cha kawaida cha mabomba hurefuka takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mita 100 likipashwa joto kwa nyuzi 100 hurefuka sentimita 12. Tuseme ncha zake zote mbili zimefungwa imara na bomba limenyooka. Haliwezi kurefuka, kwa hiyo linajibana. Mkazo unaopatikana ni karibu megapascal 240, bila kujali bomba ni refu au fupi. Chuma cha daraja la A106 B, kinachotumika sana viwandani, huanza kujikunja bila kurudi penye mkazo uleule. Mstari mfupi umemaliza nguvu yote ya chuma kabla presha ya ndani haijaongezwa, au umeihamishia kwenye mdomo wa pampu, ambao ni dhaifu zaidi.

Kwa sababu hiyo mabomba ya moto kwenye rafu hupewa mizunguko ya makusudi yenye umbo la mlango, ili yapate pa kunyumbuka. Kwa mpitishaji anayelipwa kwa ufupi, mzunguko ule ni kona nne na mita kadhaa za upotevu, ataufuta akifurahi. Vivyo hivyo bomba la kuingia kwenye pampu halitakiwi kupanda na kushuka likatengeneza mfuko wa hewa. Bomba la kumwaga kwa uzito wake linahitaji mteremko usiokatika. Mita ya kupima mtiririko inahitaji kipande kilichonyooka mbele yake, mara nyingi chenye urefu wa vipenyo 10 au zaidi. Vali lazima mkono wa mtu uifikie. Kila moja ya sheria hizi inavunjwa na njia fupi, na kila moja ina sababu anayoijua fundi.

Sharti na bei

Nikiyakusanya yote, napendekeza kanuni moja ya kazi: tutenge masharti na bei. Bei ni kitu kinachoweza kubadilishwa kwa kingine, kona mbili kwa miraba sita, katizo moja kwa kona tatu. Sharti halina bei. Mfuatano wa tii na vali ni sharti. Ulinzi wa chombo ni sharti. Mteremko wa bomba la kumwaga ni sharti. Njia isiyotimiza sharti isipimwe kabisa, hata ingekuwa fupi namna gani. Na kama hakuna njia inayotimiza, programu iseme wazi kwamba imeshindwa na itaje sharti lililoizuia. Programu inayokiri kushindwa ina msaada mkubwa kwa mhandisi kuliko ile inayoficha kushindwa kwake ndani ya mstari mzuri.

Pendekezo la pili ni utulivu. Mhandisi akisogeza pampu kidogo, programu nyingine hupanga upya nusu ya karatasi. Mwaka 1995 Kazuo Misue, Peter Eades, Wei Lai na Kozo Sugiyama waliandika kuhusu ramani ambayo msomaji huijenga kichwani anapouzoea mchoro, na umuhimu wa kuilinda mchoro unapobadilika. Opereta aliyekaa na mchoro miaka mitano anajua bomba la mvuke liko juu kulia. Siku king'ora kinapolia si siku ya kumhamishia bomba hilo. Mchoro uliokwisha kuidhinishwa ubadilike pale tu palipoguswa.

Tatu, bei na masharti yaonekane. Mtumiaji aweze kufungua orodha na kusoma: katizo ni kiasi gani, kona kiasi gani, nani alipanga, kwa sababu gani. Kuna kazi za wazi za kuigwa. Michael Wybrow na Kim Marriott wa Monash University, Australia, pamoja na Peter Stuckey, walichapisha mwaka 2009 njia ya kupitisha viunganishi vya wima na mlalo, na msimbo wake, libavoid, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Mwanafunzi wa hapa hana kisingizio.

Jambo hili linatugusa hapa kwetu. Gesi ya Songo Songo inachakatwa na kuletwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kuwa na kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yake huganda kwa nta, ni lazima yahifadhiwe joto njia nzima. Kila karatasi ya michoro yake ina sharti la joto ambalo programu ya kawaida haitalikisia. Wakati huohuo, kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na TIPER ya Kigamboni, nayo iliyokuwa ikisafisha mafuta, sasa ni maghala ya kuhifadhia. Waliojifunza kusoma na kuchora mabomba katika mitambo ile wamestaafu au wanakaribia. Wanajua kwa nini bomba fulani lilizungushwa, na kwa sehemu kubwa ujuzi huo haujaandikwa popote. Ukiondoka, tutabaki na programu zilizopangwa bei na watu ambao hawajawahi kusimama kwenye unyevu na chumvi ya pwani yetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yafanyike. Idara yetu ifungue kazi ya kuwahoji wachoraji na mafundi wakongwe wa mabomba, bomba kwa bomba, na kuyaandika maelezo yao kama masharti na bei ambazo kompyuta inaweza kuzisoma. Kampuni zinazoendesha mitambo zituruhusu kutumia michoro yao ya zamani kama darasa, zikiondoa kilicho siri. Na kila mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo na wa kompyuta, kabla hajahitimu, aandike mpitishaji wake mdogo, ampe mchoro wa pampu ile yenye bomba la kurudisha, kisha aeleze mbele ya fundi kwa nini tii iko pale ilipo. Fundi akiridhika, mwanafunzi amefaulu. Fundi akitikisa kichwa, arudi akaandike sharti lililosahaulika.

Kazi hiyo tunaweza kuianza muhula ujao, kwa watu na vifaa tulivyonavyo. Nawaalika mlio viwandani mje mtusahihishe.